KAZI ZA MIKONO: Motokaa ya Kale Juu ya Meza

Katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, mnunuzi mwenye akili hatoi fedha zake kabla ya kukitazama kitako cha gorogoro. Akiona bati limebonyea ndani, huenda kwa muuzaji mwingine bila ya kugombana. Mtu huyo hana haja ya kusomeshwa hesabu nyingi. Ajua ya kwamba kipimo kilichopunguka ni mali iliyopotea. Lakini mtu huyo huyo, akirudi nyumbani na kumkuta mwanawe ameketi chini ya mgomba akipinda waya ili afanye motokaa ya kuchezea, aghalabu humkemea na kumwambia aache upuuzi. Hafahamu ya kuwa mtoto yule naye yumo katika kazi ya kipimo, na ya kuwa ziko nchi ambako watu wazima, makarani na mafundi na madaktari, hukaa mezani jioni nyingi wakifanya kazi iyo hiyo.

Kazi yenyewe ni kuunda motokaa ndogo ya plastiki iliyo mfano kamili wa motokaa kubwa ya zamani. Haiuzwi ikiwa imekwisha kuungwa. Huuzwa vipande vipande ndani ya sanduku la karatasi ngumu, pamoja na karatasi ya maelezo yenye picha na nambari. Vipande hivyo hutengenezwa kiwandani kwa kuyeyusha plastiki na kuisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Plastiki ikipoa hutolewa, na vipande huonekana vimeshikamana na vijiti vyembamba, kama vile ndizi zinavyoshikamana na mkungu wake. Ni juu ya mwenye kununua kuvikata, kuvisafisha, kuviunga na kuvipaka rangi.

Asili ya mchezo huu yaweza kumpendeza mkulima. Mwaka 1949 kiwanda cha Airfix cha Uingereza kilitengeneza trekta dogo la plastiki, mfano wa trekta la Ferguson, ili wauzaji wa trekta lile wawe na kitu cha kuwaonyesha watu. Baadaye trekta dogo hilo likauzwa madukani likiwa vipande, ili mnunuzi aliunge mwenyewe. Miaka michache tu baadaye, huko California katika Marekani, kiwanda cha Revell kikatoa masanduku ya motokaa za kale yaliyopendwa mno na wazee kwa watoto. Tangu hapo viwanda vimekuwa vingi. Hata mjini Kyiv, katika nchi ya Ukraine, kiko kiwanda kiitwacho ICM kilichotoa mfano mzuri wa Ford ya mwaka 1911.

Ford hiyo, iliyojulikana kwa herufi T, yastahili kuelezwa kidogo, maana ndiyo motokaa iliyowafundisha watu wa kawaida kuendesha. Ilianza kutengenezwa mwaka 1908 na ikakoma mwaka 1927, na katika muda huo ziliundwa zaidi ya milioni 15. Magurudumu yake ya miaka ya kwanza yalikuwa na spoku 12 za mti. Taa za mbele ziliwaka kwa gesi itokanayo na kabaidi na maji, na taa za ubavuni zilitumia mafuta ya taa. Petroli ilikaa katika tangi chini ya kiti, nayo haikusukumwa na pampu yoyote, bali ilitiririka yenyewe kwenda kwenye injini kama maji yateremkayo katika mfereji. Kwa sababu hiyo, dereva akikuta mlima mkali na petroli ikiwa kidogo, tangi lilikuwa chini kuliko injini, na injini ilizimika kwa kukosa mafuta. Hapo dereva hakuwa na budi kuigeuza motokaa na kuupanda mlima kinyumenyume. Mtu yeyote aijuaye milima ya Kisii aweza kuona kwa macho ya moyo jinsi safari hiyo ingekuwa katika nchi yake.

Sasa yafaa kueleza maana ya kipimo. Juu ya sanduku huandikwa hesabu kama 1:24. Maana yake ni kwamba kila inchi 24 za motokaa ya kweli zimekuwa inchi 1 katika ile ndogo; yaani kila futi imekuwa nusu inchi. Umbali kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma katika Ford ile ulikuwa inchi 100. Katika mfano wake ni inchi 4 na sudusi moja, au sentimita 10.6. Tairi lenye upana wa inchi 30 kutoka ukingo hadi ukingo huwa inchi 1 na robo. Mtu mwenye kimo cha futi 6, kama angepunguzwa kwa hesabu hiyo, angekuwa na kimo cha inchi 3 tu. Hesabu ni moja kwa kila kitu, kwa usukani na kwa taa, kwa mlango na kwa kiti. Kipande kimoja kikiikosa, jicho hukijua mara moja, hata kama mwenye jicho hawezi kusema kosa liko wapi.

Ili jambo hili lieleweke vizuri, na afikiriwe karani mmoja akaaye karibu na Daraja Mbili. Siku moja, akipita katika mafungu ya mitumba, aliona chini ya viatu vya watoto sanduku lililofifia rangi, na juu yake picha ya Ford ya mwaka 1911. Akalinunua kwa fedha kidogo, akaenda nalo nyumbani kwa furaha. Mwanawe, kijana wa miaka 13, alikuwa uani akisukuma motokaa yake ya waya. Karani akamwambia, “Weka chini taka hizo, uje uone motokaa yenyewe.” Kijana akaja mbio. Lakini alipounyosha mkono aguse, baba alimzuia. “Hii si ya mchezo, mwanangu. Utaivunja. Tazama kwa macho.”

Usiku ule karani alianza kazi baada ya chakula, akakusudia kuimaliza kabla ya kulala. Hakuona karatasi ya maelezo ndani ya sanduku, wala hakujali. Alivinyofoa vipande kwa vidole, kama mtu achumaye ndizi mbivu, na kila kipande kikabaki na kinundu mahali kilipong’olewa. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Kipande chafaa kukatwa kwa koleo ndogo au kisu kikali, mbali kidogo na ukingo wake, kisha kile kinundu kilichobaki kisuguliwe polepole kwa tupa na msasa laini. Wachongaji wa Tabaka, ambao vinyago vyao vya mawe laini vimeisifia Kisii katika nchi nyingi, husugua jiwe kwa msasa na maji hadi ling’ae. Plastiki nayo husuguliwa vivyo hivyo, kwa maji, ili vumbi lisipeperuke na uso wake usikwaruzwe.

Kosa la pili lilikuwa la gundi. Karani aliipaka nyingi, akidhani ya kuwa wingi ndio nguvu. Hakujua ya kwamba gundi ya plastiki si kama gundi ya bahasha za ofisini. Yenyewe haishiki tu. Huyeyusha nyuso mbili za plastiki ili ziingiane na kuwa kitu kimoja, kama vile fundi wa kuchomea aungavyo chuma. Tone dogo kwenye ncha ya kijiti latosha kwa kiungo kizima. Likizidi, kipande chenyewe hulainika kama mshumaa karibu na moto. Karani alilishika madigadi la mbele wakati lilipokuwa limelainika, na lilipokauka likabaki na alama ya kidole gumba. Miaka mingi alikuwa amewashika watu wasiojua kusoma mikono yao ili watie dole gumba katika karatasi. Safari hii ametia lake mwenyewe, akiishuhudia haraka yake.

Yafaa kusema hapa ya kwamba gundi hiyo ina mvuke mkali unaodhuru kichwa na mapafu. Dirisha na liwe wazi, kifuniko kirudishwe mara baada ya kutumia, na chupa iwekwe mahali ambapo mtoto hawezi kuifikia peke yake.

Kosa la tatu halikuonekana ila usiku wa manane. Karani aliziunga ekseli kwa kukadiria, bila ya rula. Alipoyatia magurudumu na kuiweka motokaa mezani, ilisimama upande, kama ng’ombe mwenye kwato mbovu. Kisha akahesabu magurudumu akaona ni matatu. Alilitafuta la nne ndani ya sanduku, chini ya meza, hata katika kikapu cha taka, hakulipata. Halikuwamo tangu sokoni. Aliyeuza alikwisha kuuza, na vitu vya fungu havirudishwi. Karani akairudisha motokaa sandukuni kwa hasira, akaliweka sanduku juu ya kabati, na kwa majuma matatu hakuna mtu aliyelitaja katika nyumba ile.

Jumapili moja kijana alimwendea baba yake akasema, “Baba, naomba rula yako ya ofisini.” Baba akauliza ya nini. Kijana akajibu, “Nataka kulipima gurudumu moja la motokaa yako. Sitaliharibu.” Karani alitaka kukataa, lakini sauti ya mtoto ilikuwa ya adabu, naye mwenyewe alikuwa amekwisha kukata tamaa. Akampa.

Kijana alilipima gurudumu mara mbili, akaandika katika daftari: inchi 1 na robo. Akatwaa bikari ya shuleni, akachora duara kwenye malapa ya mpira yaliyokatika ukanda, kama alivyozoea kufanya kwa magurudumu ya motokaa zake za waya. Alilikata kwa kisu, akalifanya pete nyembamba, akaligandamiza katika msasa hadi likawa sawa na yale mengine. Kwa spoku alichukua vijiti vya kuchokolea meno, akavikata 12 kwa urefu mmoja. Kitovu alikifanya kwa kipande cha kijiti cha plastiki kilichobaki sandukuni. Alijua kwa mazoea ya mikono ya kuwa gundi ya plastiki haiwezi kushika mti wala mpira, maana haiwezi kuviyeyusha. Kwa hiyo alimwomba baba amnunulie gundi ya fundi viatu. Spoku mbili za kwanza zilikwenda upande. Alizitoa akazirudia. Kazi hiyo ilimchukua jioni nne.

Gurudumu lilipokauka, karani alilitia katika ekseli akapima kwa rula ile ile. Lilikuwa sawasawa. Akapima na ekseli yake mwenyewe. Ilikuwa imekosea kwa thumni ya inchi. Katika motokaa ya kweli, thumni hiyo ni inchi 3 nzima, na hakuna dereva ambaye angekubali kupanda motokaa ya namna hiyo. Hapo karani alinyamaza kitambo kirefu. Ilimpasa kuchagua moja kati ya mawili: ama kuiacha ekseli yake vile vile na kuwaambia watu ya kuwa sanduku lilikuwa bovu, ama kuvunja kazi yake mwenyewe mbele ya mtoto aliyemwita mchezea taka. Alichukua kisu, akaitenga ekseli polepole, akasema, “Shika rula, mwanangu. Nionyeshe ulivyopima.”

Basi waliianza kazi upya, wawili. Walivipanga vipande vyote mezani na kuviandika katika daftari kwa nambari. Waliungisha kila kipande kikavu kwanza, bila ya gundi, kuona kama kinakaa mahali pake. Vilivyoungwa vilibanwa kwa vibanio vya nguo na kuachwa hadi siku ya pili. Rangi walipaka asubuhi, maana katika vilima vya Kisii mvua hunyesha mara nyingi alasiri, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, rangi nyingine hupoteza mng’ao wake na kuwa kama iliyopakwa ukungu. Walipaka nyembamba mara tatu, si nene mara moja.

Katika rangi nako mlikuwa na funzo. Watu wengi hudhani ya kuwa Ford zote za herufi T zilikuwa nyeusi. Weusi peke yake ulikuwa tangu mwaka 1914 hadi 1925. Ile ya mwaka 1911 ilitoka kiwandani ikiwa na rangi ya buluu iliyokolea sana, na rejeta yake ilikuwa ya shaba iliyong’aa. Rejeta nyeusi zilikuja baada ya mwaka 1916. Tena tairi za zamani zile zilikuwa nyeupe au za kijivu, kwa sababu mpira ulikuwa haujaanza kuchanganywa na masizi yanayoutia weusi na kuuongezea nguvu. Kwa hiyo yule kijana aliyelikata gurudumu lake katika malapa meupe alikuwa, bila ya kujua, karibu na kweli kuliko mtu ambaye angelipaka tairi lake rangi nyeusi.

Jambo jingine la kuangalia ni usukani. Ford zilizoundwa Marekani zilikuwa na usukani upande wa kushoto. Lakini zile zilizopelekwa katika makoloni ya Mwingereza zilitoka kwa wingi katika kiwanda cha Ford cha Kanada, nazo zilikuwa na usukani kulia, kwa sababu katika nchi hizo motokaa hupita kushoto kwa barabara. Mtu atakaye mfano wa motokaa kama zilizofika Afrika ya Mashariki hana budi kuuhamisha usukani. Sanduku halimwambii hivyo. Ni lazima asome, aulize, na atazame vitu vyenyewe kila apatapo nafasi. Mjini Nairobi, kwa mfano, yako mashindano ya motokaa zilizotunzwa vema, yaitwayo Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970. Humo huonekana motokaa za kale zikisimama mbele ya waamuzi, na mwamuzi huchungulia hata chini ya injini kuona kama kila kitu ni cha asili na ni safi. Mwenye kuunda motokaa ndogo ni mwamuzi wa kazi yake mwenyewe, nako kujiamua ndiko kugumu zaidi.

Huenda msomaji akauliza faida ya taabu yote hii, maana motokaa ya inchi chache haibebi majani chai kwenda kiwandani, wala haimfikishi mgonjwa hospitali. Ni kweli. Lakini mtu aliyezoea kulirudia gurudumu dogo kwa ajili ya unywele mmoja hataridhika na mlango wa nyumba usiofunga, wala boriti iliyopinda, wala jumla isiyolingana katika daftari ya chama cha ushirika. Macho yake yamekwisha kufundishwa kukataa uongo wa kipimo. Mafundisho hayo hayauzwi ndani ya sanduku. Mtoto wa Daraja Mbili ayapata kwa waya wa ua uliokatika, kopo la mafuta na malapa yaliyochakaa, ikiwa tu mzazi hatamvunja moyo. Naye mwenye fedha za kununua sanduku zuri kabisa aweza kuyakosa, ikiwa atataka kumaliza kazi kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo ni vema mzazi amkutapo mwanawe na waya mkononi, kabla ya kumkemea, amuulize maswali mawili: motokaa hii ni ya namna gani, na umeipimaje? Mtoto asiyejua la kujibu apewe rula, na masomo ya shule yasiachwe, kwa kuwa hesabu za darasani ndizo hizo hizo za chini ya mgomba. Mtoto ajuaye la kujibu asikilizwe. Wahenga walisema ya kwamba haba na haba hujaza kibaba; nacho kibaba, kama gorogoro, hakimfai mtu ila kiwe cha kweli.

Motokaa ya karani yule imesimama sasa juu ya meza ya barazani, magurudumu yake manne yakigusa ubao sawasawa. Mgeni aambiwapo ya kuwa gurudumu moja halikutoka kiwandani, huinama na kutazama kwa muda kabla ya kulitambua. Alama ya dole gumba katika madigadi ilisuguliwa kwa msasa upande wa juu, ikatoweka. Upande wa chini karani aliiacha ibaki, na wakati mwingine, wageni wakiisha kwenda, huipindua motokaa na kumwonyesha mwanawe.